Injinia wa Mnara Unaopumua

Mbele yake tulimwita Injinia. Nyuma ya mgongo wake wenzangu wa ufagio walimwita Mzee Udi, kwa sababu nitakayoieleza, lakini mimi jina hilo sikulipenda na hapa silitumii. Alizaliwa wapi hasa, baba yake alikuwa nani, alifika Uingereza kwa meli au kwa ndege, hayo waulizwe jamaa zake wa Kenton, mtaa alikokaa huku London. Mimi nilimjua kazini, kuanzia miaka ya tisini, na huyo wa kazini ndiye ninayemweleza. Nakiri mapema kwamba kuna jambo aliloniomba nikamkatalia. Lilionekana dogo, nalo halijanipa raha mpaka leo.

Nianze na Kiswahili chake, maana ndicho kilichotukutanisha. Nilikuwa nafagia jioni katika ofisi ya kampuni yao ya wahandisi. Siku hiyo namgombeza mwenzangu, Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, kwa kumwaga ndoo nzima kwenye zulia. "Mikono yako ina matundu?" namwambia. Nikasikia nyuma yangu, "Mwache, bibi wee, zulia lenyewe halina maana." Kiswahili cha Tanga hicho, kimenyooka, kinatoka kwa Mhindi mtu mzima mwenye miwani na sweta mbili! Loh! Niliona haya mpaka masikioni. Nikamwamkia shikamoo papo hapo. Akaitikia marahaba huku anacheka, akasema hajaamkiwa hivyo tangu aikanyage nchi hii. Tangu siku hiyo akawa ananiita dada, nami nikawa nafagia chumba chake mwisho ili tupate kuzungumza.

Mezani kwake palisimama mnara mdogo wa plastiki, unaona mpaka ndani. Ulikuwa mfano wa jengo la ofisi walilotaka kulisimamisha katikati ya mji. Alinieleza bila kunidharau, na hilo sikulizoea. Alisema minara mingine yote ya London ni masanduku ya vioo yaliyofungwa kabisa, hewa inasukumwa na mashine usiku na mchana, umeme unaliwa ovyo, na uchafu wa umeme huo tunauvuta sisi na wajukuu zetu. Wa kwake ungefungua madirisha yake wenyewe. Kila dirisha lina mota ndogo, ukutani kuna visanduku vya kupima joto, na kompyuta moja chini inaamua lipi lifunguke na lipi lijifunge. Katikati ya jengo kuna uwazi mkubwa uliopanda kutoka ghorofa hadi ghorofa, sisi baadaye tukauita kisima. Hewa ya moto inapanda kisimani na kutokea juu, hewa mpya inaingia pembeni. Usiku madirisha yanaachwa wazi ili saruji ya dari ipoe, mchana saruji hiyo inalipoza jengo bila mashine.

Ili kunionyesha, aliwasha kijiti cha udi, vile vya pakiti vinavyouzwa madukani Kenton, akakichomeka chini ya ule mfano. Kampuni ilikuwa na chombo chake cha kutoa moshi wa majaribio, cha bei mbaya, yeye alikipuuza. Alisema udi unauona kwa macho na kuusikia kwa pua. Moshi ukaingia mlangoni, ukatambaa ghorofa ya kwanza, ukapata kisima, ukapanda kwa kasi mpaka kileleni. Ulipendeza, sisemi uongo. Nami kwa ushamba wangu nikauliza, "Na nyumba ikishika moto?"

Akakizima kile kijiti kwa vidole vyake, hata mate hakutia. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi, dada," akasema. "Ofisi nzima hii hakuna aliyeniuliza isipokuwa wewe." Akanieleza kwamba kengele ya moto ikilia, kompyuta lazima ifungue madirisha yote ya juu ya kisima mara moja, moshi utoke. Yakibaki yamefungwa, moshi utarudi kuwatafuta watu kila ghorofa. Nilirudi nyumbani Thornton Heath siku ile nikiwa na harufu ya udi kwenye kitambaa cha kichwa, na moyo mzito bila sababu niliyoijua.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na ulimi, tena mbaya. Vijana wa ofisini waliomchorea kitu kisichomridhisha aliwatukana kwanza kwa Kigujarati, halafu kwa Kiswahili, wasielewe. "Kichwa maji huyu," ananiambia mimi, huku anatabasamu mbele ya kijana mwenyewe, na kijana naye anatabasamu. Siku moja msanifu mmoja alisema madirisha ya moshi yanaharibu sura ya kilele, yapunguzwe. Injinia alimrushia faili zima. Karatasi zilitapakaa mpaka chini ya meza, na aliyeziokota ni nani? Mimi.

Taa alizima kama mtu aliyepagawa. Akipita mahali, swichi chini. Mama Furaha alizimiwa taa akiwa chooni zaidi ya mara mbili, akawa anapiga kelele humo ndani, "Miye niko huku, Mzee! Batu biko humu ndani!" Lakini mtu huyohuyo aliendesha gari kuukuu la dizeli linalotoa moshi mweusi mpaka watu wa kituo cha basi wanafunika pua. Nilimtania kwa hilo. Akasema, "Kazini namtumikia ulimwengu, barabarani namtumikia mgongo wangu, na kiti cha gari hili ndicho kinachoufaa." Basi, ndivyo alivyokuwa.

Nilikwenda kwake mara moja tu enzi hizo, sikukuu yao ya taa. Mkewe alinikaribisha chai ya maziwa na vitafunio mpaka nikashindwa kusimama. Nyumba ilikuwa ya moto kama jikoni! Madirisha yamezibwa kwa utepe, hita inanguruma, na Injinia amekaa pembeni bila sweta hata moja, jasho linamtoka, kimya. Nikamkonyeza. Akaninong'oneza, "Huku hata upepo unaomba ruhusa kwa mke wangu."

Na sasa nieleze lile ambalo wengi hawakulijua. Mtu huyu aliyehangaika miaka na mnara wa ghorofa thelathini na kitu alikuwa anaogopa urefu. Jengo lilipokwisha, kampuni ya usafi ikanihamishia huko pamoja na Mama Furaha na wanawake wengine wanne, zamu ya alfajiri. Injinia naye alikuwa anakuja mara kwa mara kulisikiliza jengo lake. Ghorofa za juu alitembea akigusa ukuta wa ndani, hakusogelea kioo hata siku moja. Wageni walipomwita kwenye kioo waonyeshwe mto na madaraja, alijidai anafunga kamba ya kiatu. Ila ngazi alizipenda, kwa kuwa ngazi hazina madirisha. Lifti hakupanda. Alihesabu hatua zote, akaziandika kwenye kijitabu, na alikuwa na tabia ya kutusimamisha sisi tukiwa kazini. "Ukiwa na ndoo na mashine ya zulia, unashuka kwa dakika ngapi?" Tulimcheka. Siku moja alimshusha Mama Furaha ngazi zote na saa mkononi, mwanamke akafika chini amekasirika hana pumzi. Katika kazi zangu zote za London, huyo ndiye mtu wa pekee aliyewahi kujali sisi tutashukaje.

Mnara ulipendwa. Magazeti yakaja, wanafunzi wakaja, wakubwa wa serikali za nje wakaja na wapiga picha wao. Wote walikuwa na neno moja: linapumua. Jengo linapumua! Meneja wa jengo, kijana nadhifu aliyevaa tai ya kijani kila siku, alilirudia neno hilo mpaka likatuchosha. Siku moja mbele ya wageni alimwomba Injinia aongeze lolote. Injinia akasema, "Kama linapumua, basi na kupaliwa linaweza." Alilisema kwa Kiingereza, kwa upole. Wageni wakacheka wakidhani ni mzaha wa mzee. Mimi nilikuwa nafuta meza pale, nikamwona uso wake, hakuwa anacheka.

Sasa nije kwenye dhambi yetu. Jengo lile alfajiri lilikuwa barafu. Madirisha yameachwa wazi usiku kucha kupoza saruji, nasi tunaingia saa kumi na moja, Januari, upepo unapita ghorofani kama tuko barabarani. Overoli nyembamba, mikono kwenye maji. Watu wa ofisi wanaingia saa tatu jengo limeshajifunga, limepata joto, wanasifu hewa safi. Tulimlalamikia meneja. Akatuambia tuvae zaidi. Tukavaa zaidi, tukaambiwa overoli isionekane imefunikwa.

Akili ya kujiokoa niliitoa mimi, si mwingine. Nyumbani kwetu Tanga mama alikuwa anauviringishia mtungi gunia lililolowa, maji ndani yanakuwa baridi mchana kutwa. Nikafikiri: hivi visanduku vya ukutani si ndivyo vinavyoliambia jengo kuna joto au baridi? Nikalowesha tambara kwenye bomba la maji baridi, nikalifunika kisanduku kilicho karibu na kisima, ghorofa ya ishirini na sita. Hata dakika kumi hazikwisha. Zzzz, madirisha yakaanza kujifunga yenyewe, moja baada ya jingine, mpaka juu kabisa. Wenzangu walinipigia vigelegele vya chinichini. Mama Furaha alinikumbatia. Kuanzia siku hiyo ikawa desturi ya zamu: anayefika kwanza anaweka tambara, anayeondoka mwisho anatoa. Msimu mzima wa baridi tulifanya hivyo, tukajiona wajanja kuliko kompyuta.

Asubuhi moja ya Februari, kabla hakujapambazuka, pipa la taka likashika moto kwenye jiko dogo la ghorofa ya kumi na nane. Moto wenyewe haukuwa mkubwa, ulikuwa wa plastiki na karatasi, lakini plastiki unaijua moshi wake. Kengele ikalia. Nilikuwa ghorofa ya ishirini na sita, nikachungulia kisimani, nikaona moshi mweusi unapanda taratibu. Nikatazama juu nikingoja madirisha yafunguke kama Injinia alivyoniambia miaka ile. Hayakufunguka! Moshi ukafika juu, ukagonga kioo, ukajikunja, ukaanza kushuka. Nikakumbuka tambara. Nikalinyakua, nikalisokomeza kwenye mfuko wa overoli, nikakimbilia ngazi huku nalia.

Mama Furaha alikuwa ghorofa ya thelathini. Moshi ulimkuta kabla hajaipata ngazi. Alishuka akitambaa, ameshikilia ukuta, na tulipompokea chini alikuwa anakohoa masizi. Zimamoto walizima pipa kwa dakika chache. Taarifa ya jengo ikasema tukio dogo, hakuna aliyeumia. Mama Furaha alikohoa mpaka Pasaka.

Injinia alifika asubuhi ileile, amevaa sweta yake kinyume. Alikaa na kompyuta saa mbili nzima. Halafu akapanda ngazi zote, ghorofa moja baada ya nyingine, akigusa kila kisanduku kwa kiganja. Ya ishirini na sita alikaa sana. Aliposhuka alinikuta kwenye chumba cha ndoo, nimekaa peke yangu.

"Mfuko wako umelowa, dada," akasema.

Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia mbele yangu.

"Kisanduku kimoja kilisoma baridi kali," akasema. "Madirisha ya kisima yakajifungia, mvua na barafu visiingie. Kompyuta ile ina amri mbili. Kukiwa na baridi sana, funga na usifungue. Kukiwa na moto, fungua. Hakuna aliyeiambia ipi ni kubwa kuliko nyingine. Mimi niliagiza iandikwe, waliahidi kuijaribu, na jaribio likaahirishwa kila mara kwa sababu ya wageni. Umenielewa? Kosa si tambara. Baridi ya kweli ingefanya vilevile. Tambara lenu limenionyesha kitu ambacho ningekikuta siku watu wamejaa humu."

"Basi waambie," nikasema.

"Watauliza nimejuaje. Kisanduku sasa ni kikavu, kinasoma vizuri. Nahitaji mtu aseme: mimi nilikifunika, hivi na hivi, na madirisha yakakataa amri ya moto. Aandike na atie sahihi. Nikipata karatasi hiyo, jengo litafungwa mpaka walirekebishe."

Mnajua nilichofikiria? Nilifikiria binti yangu yuko shule ya msingi na mimi ndiye baba na mama yake. Nilifikiria wenzangu watano. Jioni ile nilikwenda kwa Mama Furaha, nikamweleza ombi la Injinia. Alikuwa kitandani, anakohoa. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa bado hazijajibiwa. Akanishika mkono.

"Dada, miye niko na batoto batatu," akasema. "Bakinifukuza, nitaenda wapi? Batasema tuliwasha moto sisi. Usiandike, dada. Kwa jina ya Mungu, usiandike."

Kesho yake nikamwambia Injinia siwezi. Nilitegemea ule ulimi wake. Wallahi nilitamani anitukane. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya sweta, akasema tu, "Haya, dada. Nimesikia." Angeweza kunichongea, aliniona na mfuko umelowa, alama ya maji ilikuwa bado ukutani. Hakunitaja. Aliandika barua yake akasema kisanduku kilisoma baridi isiyokuwepo, sababu haijafahamika. Mtu aliyerusha faili kwa ajili ya dirisha moja alijitia ujinga kwa ajili yetu, wafagiaji sita.

Wakamla hai. Wakavipima visanduku vyote, vizima. Wakamuuliza, injinia gani huyu hajui sababu? Meneja wa tai ya kijani akaandika kwamba tukio halijirudii. Mwezi ule kulikuwa na ugeni mkubwa wa watu wa mazingira, tuzo ilikuwa njiani, hakuna aliyetaka kusikia habari ya kufunga jengo. Injinia akazidi kuandika barua, kali na ndefu, mpaka wakamwona amechakaa akili. Kabla ya kiangazi alipumzishwa. Walimfanyia sherehe ya keki. Aliondoka na kijitabu chake cha ngazi, na kadi yake ya mlango ikazimwa siku hiyohiyo.

Sisi hatukuweka tambara tena. Tulitetemeka kwa baridi bila kulalamika, tukaona ndiyo adhabu yetu, na tukajiambia yamekwisha. Mama Furaha alipata karatasi zake akahamia Leeds na wanawe. Mimi nikapata kazi ya kutunza wazee, karibu na nyumbani. Nikipita kwenye basi na mnara ule ukatokea kati ya majengo, natazama upande mwingine.

Miaka ikapita, binti yangu akamaliza chuo. Siku ya kupata kazi aliruka sebuleni kama mtoto. Akaniambia jina la kampuni, halafu akaniambia jengo. "Lile linalopumua, Mama! Ulifagia pale, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. Nikaingia jikoni nikashika sinki kwa mikono miwili. Mwezi mzima nilikuwa naamka naye asubuhi, namtazama anavyopaka rangi ya midomo, nashindwa kusema. Mara mbili nilimfuata mchana tukala pamoja ukumbini chini, nikatazama juu kisimani, kila kitu kinang'aa. Jumapili moja nikapanda treni kwenda Kenton.

Mkewe alikuwa amefariki. Mkwewe alinifungulia, akanipeleka chumba cha mbele. Injinia alikuwa amekwisha mwili, blanketi magotini, lakini nilipomwamkia aliitikia kwa sauti ileile. Tulizungumza habari za Tanga kidogo, mitaa aliyoikumbuka, mingine mimi siijui. Halafu nikamuuliza nililoliendea.

"Injinia, walirekebisha ile amri?"

"Sijui," akasema. "Niliandika kuuliza. Walijibu kwamba usalama ni jambo wanalolipa uzito. Jibu hilohilo mara nne."

"Binti yangu kaajiriwa mle." Nikaanza kulia, mtu mzima mimi. "Niandikie ile karatasi. Natia sahihi sasa hivi. Nataja jina langu, tambara, kila kitu."

Akanituma nilete kalamu kwenye kabati. Tukaandika. Alitamka, nikaandika, nikatia sahihi, naye akatia yake chini yangu. Nilipoikunja akasema, "Usijidanganye, dada. Wakati ule ungesema ukiwa ndani na overoli mwilini, wasingeweza kufunika. Sasa hii ni barua ya mama mwenye wasiwasi na mzee wa pensheni. Watatujibu kwa adabu." Hakusema kwa uchungu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Mwanao ghorofa ya ngapi?" akauliza.

"Ishirini na tisa."

Akafumba macho, midomo inacheza. Alikuwa anashuka ngazi kichwani. "Ana miguu mizuri?"

"Anayo."

"Anaingia saa tatu, wenzake wamejaa, kuna watu wa kuongoza, watu wanahesabiwa. Atashuka huyo. Siye huyo ninayemwogopea kwanza." Akafumbua macho akanitazama. "Wanaofagia alfajiri siku hizi ni akina nani?"

Mwezi mzima sijalala kwa ajili ya jengo lile, nimekula mle ndani mara mbili, nimeona sakafu inavyong'aa, na swali hilo halikunijia hata mara moja.

"Sijui, Injinia," nikasema. "Sijauliza."

Hakunilaumu. Aligeukia ukutani, akasema amechoka, nikamfunika vizuri nikaondoka. Alifariki wiki mbili baadaye, na jibu la barua yetu lilikuwa halijaja.

Lakini sikungoja hizo wiki mbili. Kesho yake, Jumatatu, nilishika basi la kwanza, na saa kumi na moja kasoro nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa nyuma wa mnara, ule wa malori ya taka. Baridi ilikuwa kali. Juu, madirisha yalikuwa yamekaa wazi gizani, safu kwa safu. Wakaja saba, wanawake wote, wawili wanaongea lugha nisiyoijua, mmoja anatafuna mkate. Waliponiona wakasimama. Nikawasalimu, nikasema zamani nilifagia hapa. Nikamwambia mkubwa wao jina langu kamili, halafu nikaeleza, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: baridi ya alfajiri, jinsi tulivyolidanganya jengo kwa tambara bichi lijifunge, na moshi ulivyotukuta humo ndani siku ile.

Alinisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza hakushangaa, wala hakuniuliza maana ya lolote. Aliwageukia wenzake, akasema neno moja kwa lugha yao, nao wote wakatazama chini. Kisha akanisogelea karibu kabisa, akanong'ona:

"Nani ametuchongea?"